Ujira wa Mtumishi na Bakshishi ya Mgeni



Ndugu msomaji, haya nitakayoyaeleza yalianza mwezi wa Shaaban uliopita, barazani kwangu, baina ya alasiri na magharibi, na sikuwa nimekusudia kuyaandika. Nimeyaandika kwa kuwa yamenigusa mimi mwenyewe. Mtu aliyekaa zaidi ya miaka thelathini akiwafundisha wenziwe haki na batili, haifai anyamaze siku anapoonyeshwa kosa lake.

Alinijia kijana mmoja, mwanafunzi wangu tangu alipokuwa akisoma juzuu ya Amma. Alihitimu Msahafu kwangu, akasoma na vitabu vya fiqhi, kisha akawa khalifa wangu, yaani ndiye aliyekuwa akiwasimamia watoto wadogo chuoni ninapokuwa na darasa la wakubwa. Mwaka 2014 alipata viza ya Marekani kwa ile bahati nasibu yao, akaenda zake, na tangu hapo hatukuonana ila kwa simu. Sasa amekuja kumtazama mamake, na siku ya tatu akapita kwangu.

Alinibusu mkono, akakaa, tukaletewa kahawa na kaimati. Baada ya kuulizana hali nikamuuliza, "Mwanangu, kazi gani wafanya huko?"

Akasema, "Ni mtumishi wa meza, maalim. Nachukua oda, napeleka chakula, nafuta meza."

Nikafurahi kidogo, maana kazi hiyo naijua. Mwaka 1979, kabla sijakwenda kuzidisha masomo, nilifanya kazi msimu mmoja katika hoteli ya kitalii huku pwani, kaskazini ya Mombasa. Nilivaa shati jeupe na mshipi mwekundu, na wageni wakituita sote "boi," hata yule mzee aliyekuwa na wajukuu. Mshahara ulikuwa haba, na msimamizi wetu alikuwa na neno lake akilirejea kila tulipolalamika: "Mshahara huna, lakini Wajerumani unao!" Na kweli, mwezi wa Desemba hoteli ilipojaa, bakshishi ilipita mshahara, nasi tukimwona msimamizi yule kuwa ni mtu mwema. Yakaja masika, wageni wakaenda kwao, hoteli ikawa tupu, tukaambiwa tukapumzike majumbani mpaka tuitwe. Mshahara hatuna, na Wajerumani hatuna. Mimi sikuitwa tena, nami nikashika njia yangu ya elimu.

Nilipomhadithia hayo, yule kijana akacheka, akasema, "Basi maalim, Marekani ni masika na kaskazi katika siku moja."

Nikamwambia anieleze vizuri, akanieleza. Hoteli anayofanyia kazi iko Houston, katika jimbo la Texas. Si ya mtu mmoja mwenye duka moja kama hizi zetu. Ni jina moja lenye matawi mamia katika nchi nzima, na ukiingia tawi lolote utakuta viti vile vile, sahani zile zile na vyakula vile vile kwa bei inayokaribiana. Wanauza mayai, chapati za maji na kahawa, usiku na mchana, wala hawauzi ulevi. Khabari ya nyama wanazoandaa nilizungumza naye faragha, na si maudhui yetu leo. Mwenye mali humwoni. Unayemwona ni meneja, naye ana hesabu anayotakiwa aipeleke kwa wakubwa wake kila wiki. Bei ya mayai hawezi kuiteremsha, kodi ya nyumba hawezi kuipunguza, na umeme hawezi kuuzima. Kitu kimoja tu kiko mkononi mwake, nacho ni saa za watumishi.

Nikamuuliza mshahara. Akaniambia, "Dola 2 na senti 13 kwa saa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nchi ile yasifiwa kwa utajiri wake, na sote twajua kuwa kima cha chini cha mshahara kwa sheria ya serikali yao kuu ni dola 7 na senti 25 kwa saa, tangu mwaka 2009. Nikamwambia, "Labda wanakudhulumu kwa kuwa u mgeni." Akasema, "La, maalim. Hiyo ndiyo sheria yenyewe."

Nitaieleza sheria hii kama nilivyoielewa, kwani humo ndimo ilimo maudhui yetu. Sheria yao ya mishahara ni ya mwaka 1938, na mwanzoni wafanyakazi wa hoteli na mikahawa hawakuingizwa ndani yake. Walipoingizwa, mwaka 1966, matajiri walipewa rukhsa moja: kuwa sehemu ya mshahara wa mtumishi anayepewa bakshishi na wateja ihesabiwe imekwisha lipwa kwa bakshishi hiyo. Mwaka 1991 kima alichotakiwa tajiri atoe mfukoni mwake kikawa dola 2 na senti 13, nayo ilikuwa nusu ya kima cha kawaida cha wakati huo. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1996 ikavikata vima hivyo viwili visifuatane tena. Kile cha kawaida kimepanda mara kadhaa mpaka kufika 7 na senti 25, na hiki cha mtumishi wa meza kimekaa pale pale. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1991 leo ana watoto wake, na ujira huo haujaongezwa hata senti.

Sheria inasema pia kuwa bakshishi zikipungua, tajiri analazimika kutimiza mpaka ifike 7 na senti 25. Lakini kijana aliniambia, "Maalim, anayeandika hesabu ni meneja, na anayepanga zamu ni meneja. Nani atakayekwenda kumwambia kuwa wiki hii bakshishi hazikutimia? Atakujibu: ikiwa wateja hawakupi, basi wewe si mtumishi mzuri."

Hebu tuhesabu pamoja, ndugu msomaji, kama tuhesabuvyo mirathi. Kima ni 7 na senti 25. Tajiri atoa 2 na senti 13. Baina yake ni dola 5 na senti 12. Mteja anapoacha fedha mezani, anadhani kuwa amemwongezea yule mtumishi juu ya mshahara wake. Kumbe katika kila saa, hizo dola 5 na senti 12 za mwanzo hazikumwongezea mtumishi kitu, kwani tajiri angelazimika kuzitoa mwenyewe. Mteja amemlipia tajiri deni lake, wala hajui. Ametia nia ya kumhisani masikini, na hisani yake imeingia katika mfuko wa mwenye matawi mamia.

Na kila uovu mwengine alionisimulia watoka katika shina hili moja.

Chakula cha asubuhi ni rahisi, na bakshishi ya huko hufuata hesabu ya mlo, watu huacha sehemu ya kumi na tano katika mia au ishirini. Basi mtumishi wa mayai na kahawa atatembea mwendo ule ule na yule anayepeleka samaki wa bei, atabeba sahani zile zile, na mwisho wa siku apate robo yake. Hoteli ikiwa tupu, meneja humrudisha mtu nyumbani baada ya saa mbili, naye amekwisha toa nauli. Ikijaa, hutakiwa abaki usiku kucha, kisha arudi asubuhi kufungua mlango. Ratiba hubandikwa ukutani siku mbili tatu kabla, na aliye na mtoto ajue mwenyewe atamweka kwa nani. Sheria ya serikali yao kuu haimlazimishi tajiri kumpa mtumishi mtu mzima nafasi ya kula, wala siku ya ugonjwa yenye malipo. Kijana aliniambia amewahi kuhudumia meza sita na homa mwilini, kwa kuwa kukaa nyumbani kungemkosesha kodi.

Tena kuna kazi zisizo na mteja: kukunja uma na visu katika vitambaa, kujaza chumvi na sukari, kupiga deki, kusugua mashine ya kahawa. Wakati huo hapana bakshishi hata moja, na hesabu ni ile ile ya 2 na senti 13. Wizara yao ya kazi iliweka kanuni mwaka 2021 kuwa kazi hizo zikizidi sehemu moja katika tano ya saa za mtumishi, tajiri alipe kima kamili kwa hicho kilichozidi. Jumuiya za wenye mikahawa zikaenda mahakamani, na Agosti 2024 mahakama ya rufaa iliyoko New Orleans ikaifuta kanuni hiyo.

Na meneja ana silaha asiyohitaji kuipiga kelele, nayo ni kugawa meza. Anayempendeza humpa meza za katikati wanapokaa watu wa familia, na anayemchukia humpa zile za kando ya mlango. Kijana wangu aliomba apewe saa moja ya kuswali Ijumaa. Hakukataliwa. Wiki iliyofuata alikuta jina lake limeandikwa Ijumaa zote, adhuhuri mpaka usiku, na saa zake za siku nyengine zimepunguzwa kutoka thelathini na tano hadi kumi na mbili. Hakufukuzwa, ameachwa akauke mwenyewe. Siku moja watu wanne walikula wakatoka mbio bila ya kulipa, na meneja akamkata yeye bei ya chakula chao. Jambo hilo hata kwa sheria yao ni haramu kwa mtumishi anayelipwa ujira huo mdogo, kwani lamshusha chini ya kima. Lakini alilipa, akanyamaza.

Lililoniudhi zaidi ni khabari ya mwanamke mmoja anayefanya naye kazi, mama wa watoto wawili. Mwanamume aliyezoea kukaa meza yake humshika kiuno anapoweka sahani, naye hutabasamu. Kijana alimuuliza, "Kwa nini huisemi habari hii?" Akamjibu kuwa mtu yule huacha dola kumi. Tazama, ndugu msomaji. Ujira wa mtu ukiwa mikononi mwa mteja, mteja atajiona ana haki ya kununua na yasiyouzwa. Aliyemweka mwanamke yule katika hali hiyo ni yule mteja, na ni yule tajiri pia aliyemwambia: mshahara wako kautafute mezani.

Hata asili ya desturi hii kwao inanuka. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865 na watumwa wakaachwa huru, kampuni ya mabehewa ya kulala ya George Pullman iliajiri maelfu ya watu weusi, wengi wao waliokuwa watumwa, kuwatumikia abiria. Kampuni iliwalipa kidogo, ikatumai abiria watawapa kilichobaki. Na abiria wakiwaita wote kwa jina moja, "George," jina la bwana mwenye kampuni, kama vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Niliposikia hivyo nilikumbuka lile "boi" letu la mwaka 1979. Watu wale waliunda chama chao mwaka 1925 chini ya A. Philip Randolph, na iliwachukua miaka kumi na miwili, mpaka 1937, kampuni kutia saini mkataba nao.

Nilipofika hapa nikawa nimekwisha pandwa na ghadhabu. Nikaanza kutoa waadhi, peke yangu na msikilizaji mmoja. Nikamkumbusha kuwa Bwana Mtume (S.A.W.) ameamrisha mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Nikamkumbusha onyo la Mwenyezi Mungu kuwa Siku ya Kiyama Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wa watu watatu, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, asimpe haki yake. Nikamtajia Sura ya Mutaffifin, na wale ambao wakijipimia hutaka kutimiziwa na wakiwapimia wenziwao hupunguza, na nikasema kuwa saa za kazi nazo ni kipimo. Nikamtajia na Nabii Musa (A.S.) kule Madyan, alivyoajiriwa na yule mzee kwa muda uliotajwa, miaka minane, na miwili ya kuzidisha kwa khiari yake, na mzee akasema wazi kuwa hataki kumtia mashakani.

Kisha nikaingia katika fiqhi, ambako ndiko nyumbani kwangu. Nikasema, "Mwanangu, wewe umesoma mlango wa ijara. Sharti ya ujira ni nini?"

Akajibu bila ya kufikiri, "Ujulikane, maalim."

Nikamwambia, "Na je, mchinjaji akiajiriwa kuchuna mnyama, ujira wake ukawa ni ile ngozi?"

Akasema, "Haisihi. Wala msagaji kulipwa sehemu ya unga anaousaga. Hajui atapata nini mpaka amalize kazi."

Mfano huu umo katika Minhaji ya Imamu Nawawi, nami nimeusomesha mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Ngozi yaweza kutoka nzima au ikachanika, yaweza kuwa nene au nyembamba, na mtu hafai kuuza jasho lake kwa kitu kisichojulikana. Ikiwa ngozi haikufaa kuwa ujira, ambayo angalau iko pale mnyama alipolala, vipi utafaa kuwa ujira ukarimu wa mtu ambaye bado hajaingia mlangoni? Nikapiga goti langu kwa mkono, nikasema, "Hii ndiyo dhulma yenyewe! Tajiri amwajiri mtu, kisha amwache alipwe kwa huruma za wapita njia!"

Kijana alinyamaza kidogo. Alikuwa akikizungusha kikombe cha kahawa kiganjani. Kisha akasema kwa adabu, bila ya kuniangalia usoni, "Maalim, niwie radhi. Na mimi nilipokuwa khalifa hapa chuoni, ujira wangu ulikuwa ni nini?"

Wallahi nilikosa la kumjibu.

Alinisomeshea watoto kuanzia mwaka 2010 mpaka mwisho wa 2012, miaka mitatu, asubuhi kabla ya skuli na jioni baada yake, na Jumamosi siku nzima. Ujira wake ulikuwa ni kile walichokumbuka wazazi. Mmoja huleta kilo ya sukari, mwengine shilingi mia mbili siku ya Alkhamisi, na Idi huletewa kanzu. Mwezi wa Ramadhani alipata kitu, na mwezi wa Januari, wazazi walipokuwa wakilipa karo za skuli, hakupata chochote. Alipokuja siku moja kuniambia mamake mgonjwa, nilimwombea dua nikamwambia, "Subiri, mwanangu, kazi ya dini malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu." Neno hilo ni kweli. Lakini nilimwambia mimi, ambaye posho yangu ya kila mwezi kamati ilikuwa ikiileta bila ya kukosa.

Mshahara huna, lakini wazazi unao. Nililisema neno la yule msimamizi wa hoteli, kwa lafudhi ya kisheikh.

Ilipoadhiniwa magharibi tuliswali pamoja, akaenda zake. Mimi usiku ule sikulala vizuri. Niliufungua mlango wa ijara nikausoma kama nisomaye kitabu kigeni. Nafsi yangu ilinitetea: yule hakuajiriwa, alijitolea. Nikaiuliza: ni yeye aliyesema anajitolea, au ni mimi niliyemtolea? Mtu akisema kwa ulimi wake, "Nafundisha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, sitaki kitu," huyo ana fadhila kubwa. Lakini kumpangia saa za kuingia na kutoka, na kumgombeza akichelewa, kisha kuiita kazi yake hisani, hapo wewe ndiye uliyefanya ukarimu kwa mali ya mwenzio. Na juu ya ujira wa kusomesha Kurani, wanavyuoni wa madhehebu yetu wameuruhusu. Basi udhuru wangu wa kuukwepa ulikuwa hauko.

Siku ya Jumapili niliiita kamati ya chuo. Tunao makhalifa watatu sasa, mmoja wao ana mke. Nikasema watajiwe ujira, uandikwe, na ulipwe kila mwisho wa mwezi, wazazi wakileta wasilete. Mmoja wa wazee, rafiki yangu wa udogoni, alikasirika. Akasema, "Sheikh, tangu lini kazi ya Mungu ikawa na mshahara? Sisi tulisomeshwa na watu wasioulizia kitu." Nikamwambia, "Hao wasioulizia kitu, ndugu yangu, sisi tulijua wanakula nini usiku?" Akanyamaza, lakini hakuridhika, na mpaka leo akinisalimia husalimia kwa ufupi. Fedha zilipatikana kwa kuongeza ada kidogo na kwa kupunguza karamu ya maulidi ya chuo, ambayo kila mwaka tukichinja ng'ombe wawili. Mwaka huu ni mmoja, na watu walikula, wakashiba, wakaswalia Mtume.

Ama deni la zamani, nililifanyia hesabu mwenyewe. Niliwauliza wawili katika kamati waliokuwapo wakati ule, tukaona shilingi elfu mbili kwa mwezi ilikuwa ndiyo chini ya haki. Kwa miezi thelathini na sita ni shilingi elfu sabini na mbili. Nilizokuwa nazo ni elfu ishirini. Nikampelekea kwa mamake kabla hajasafiri. Sitakuficha, ndugu msomaji: njiani nilikuwa nikitaraji atazikataa, na moyoni nilitamani azikatae. Nilijua vipi atasema: "Maalim, wewe ni baba yangu, baina yetu hapana hesabu." Ningerudi nyumbani na fedha zangu na dhamiri safi.

Hakukataa. Alizipokea kwa mikono miwili, akazihesabu mbele yangu, akasema, "Jazakallahu khayra, maalim. Zilizobaki mpe mama, kila ukijaaliwa." Nikatoka nimefadhaika kidogo, na nilipofika pembe ya mtaa nikaelewa kuwa amenifundisha darasa la mwisho la mlango ule. Haki hailipwi kwa kutaraji isamehewe. Mpaka leo nimekwisha mfikishia mamake elfu kumi na mbili.

Sasa nakugeukia wewe, ndugu msomaji, maana sidhani kuwa ni peke yangu.

Wewe mwenye hoteli hapa pwani, mwenye tawi moja au matano, usiseme hayo ni ya Marekani. Huku kwetu pia kuna anayemkata mtumishi kila sahani inayovunjika, na bei ya chakula cha mteja aliyekimbia, na kuna wanaozichukua bakshishi za vijana wakaziita za hoteli. Hata Wamarekani wameikataza mwaka 2018 sheria ile ya tajiri na mameneja wake kujitwalia bakshishi za watumishi, na Waingereza wametunga sheria mwaka 2023, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, kuwa bakshishi zote ziwafikie wafanyakazi bila ya kupunguzwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 imetaka mfanyakazi apumzike siku moja katika kila siku saba, na apate likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka yenye malipo. Ile ya Tanzania ya mwaka 2004 imeweka mwisho wa saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki. Itakuwa aibu iliyoje kwa mwenye kuswali safu ya mbele kuwa nyuma ya sheria hizo! Wala usiseme ukilipa haki hoteli itafungwa. Huko huko Marekani yako majimbo saba, California na Washington yakiwamo, yasiyokubali hesabu ile ya kupunguza mshahara kwa bakshishi, na watu wanafungua mikahawa na wanakula.

Wewe msafiri unayekwenda kumtembelea mwanao Texas, usiondoke mezani bila ya kuacha kitu ukasema bakshishi si faradhi. Wanavyuoni wamefundisha kuwa lililo desturi inayojulikana na watu wote huchukuliwa kama lililoshartiwa. Dhulma ni ya aliyeitunga hesabu, lakini usimwongezee aliyedhulumiwa.

Wewe unayealikwa futari katika mahoteli yetu mwezi wa Ramadhani, tazama aliyesimama nyuma yako. Naye amefunga. Adhana ikilia hufungua kwa tende moja amesimama, mkono mwengine umebeba uji wako. Bwana Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mtumishi akituletea chakula, kama hatukumkalisha tule naye, basi tumpe tonge moja au mbili, kwa sababu yeye ndiye aliyevumilia moto wake na taabu yake. Ni mara ngapi tumelifanya hilo?

Na wewe mwenye nyumba, unaye msichana jikoni aliyetoka mbali. Ujira wake unajulikana? Unalipwa siku yake, au hulipwa ukikumbuka? Nguo kuukuu za wanao na chakula kilichobaki ni sadaka yako, na thawabu yake utaipata kwa Mola wako. Usiihesabu katika mshahara wake. Huko ndiko kuchanganya mifuko miwili, na aliyechanganya akasema amelipa, hakulipa.

Bakshishi ni tunu ya mgeni kwa mtumishi. Ujira ni deni la tajiri kwa mtumishi. Deni halilipwi kwa tunu ya mtu mwengine. Hili nimelijua kwa kitabu tangu ujanani, na nimelifahamu juzi tu, na kikombe cha kahawa kilichopoa mkononi.

Ewe Mola, tuwezeshe kutoa haki za watu tungali hai, kabla ya siku ambayo hapana dinari wala dirhamu ya kulipia. Wasamehe waliotangulia katika walimu wetu, ambao huenda tulikula jasho lao bila ya kujua. Na wale walio katika hoteli na majumba ya watu, mbali na kwao, wafungulie riziki iliyo wazi na yenye heshima. Amin.